Mapasa wa kweli na mapasa wa uongo

Mwezi huu katika ukurasa wetu hatutazungumza juu ya zahabu ya bandia wala juu ya noti ya dola iliyopasuka. Hayo tulikwisha kuyazungumza. Leo tunataka kuzungumza juu ya vipande vya zamani vya feza ya chuma, vile ambavyo nenu na babu zenu waliviweka katika kikopo, na ambavyo sasa vimeanza kutembea kutoka mkono hadi mkono kwa bei ya kushangaza.

Sababu ni kijana mmoja aliyenifikia nyumbani mwezi wa tisa, wiki ile masomo yalipokuwa yanaanza. Sitasema jina lake. Aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

“Papa,” akaniambia, “uniangalilie hii kitu. Lakini usimwambie mutu.”

Ndani ya karatasi mulikuwa kipande cha rangi ya shaba ya njano, chenye pembe sita, na tembo juu yake. Wazee wanakijua. Ni faranga mbili za Kongo ya Wabelgiji, za mwaka 1943. Kijana akaniambia niangalie vizuri namba za mwaka na herufi za neno CONGO. Kweli, kila namba ilikuwa na kama kivuli pembeni. Ilionekana kama mtu ameandika 1943, halafu akaandika tena 1943 juu yake, lakini mkono ulisogea kidogo.

“Ni mapasa,” akasema. “Mwenye kuniuzisha iko Beni. Alinionyesha kwa simu picha ya senti ya Amerika yenye maandishi mapasa kama haya, wanaiuzisha zaidi ya dola elfu moja. Na akaniambia hii ni ndugu yake, juu zote mbili zilitoka nyumba moja.”

Nikamwuliza: “Ulitoa ngapi?”

Akanyamaza. Halafu akasema: “Tulipatana dola 120. Nimekwisha kutoa 70. Zile 50 natoa siku ya posho.”

“Na hizo 50 zinatoka wapi?”

Hapo akainamisha kichwa. Zile dola 50 zilikuwa minervali ya dada yake mdogo. Mama yao alikuwa amempa azipeleke shuleni.

Ndugu msomaji, unaona sasa kwa nini jambo hili la kipande kidogo cha chuma linaingia katika gazeti la jamaa. Basi tuingie ndani yake polepole, maana mwenye kuuzisha yule hakusema uongo mtupu. Alichanganya ukweli na uongo, na huo ndio mchanganyiko unaowamaliza watu wengi.

Senti ya mwaka 1955

Ukweli ni huu. Katika mji wa Philadelphia, Marekani, kuna nyumba kubwa ya serikali ambamo wanapiga feza za chuma. Mwaka 1955 mashini moja ilipiga senti ambazo maandishi yake yote na mwaka wake vilitokea mara mbili, wazi kabisa, hata bila kioo cha kukuza mtu anaona. Zilipigwa karibu 40,000. Wakaguzi walipotambua, nyingi zilikuwa zimekwisha kuchanganywa na senti zingine nzuri. Wakubwa wa nyumba ile wakaona ni kazi bure kuyeyusha rundo zima kwa ajili ya hizo. Kwa hiyo zaidi ya 20,000 zikatoka, zikaingia mikononi mwa watu. Wengi walizipata katika pakiti za sigara. Wakati ule mashini za kuuzisha sigara zilikuwa zinatoa pakiti ikiwa imebandikwa senti mbili za chenji ndani ya karatasi yake ya nje. Leo senti moja ya namna ile, ikiwa katika hali nzuri, inauzishwa kweli zaidi ya dola 1,000.

Na ni kweli vilevile kwamba faranga mbili zetu za pembe sita, za mwaka 1943, zilipigwa Philadelphia. Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya dunia. Ubelgiji ulikuwa chini ya Wajeremani, nyumba ya feza ya Brussels haikuweza kutumikia Kongo, kwa hiyo kazi ilipelekwa Amerika. Vilipigwa vipande milioni 25.

Basi mwenye kuuzisha wa Beni alisema mambo mawili ya kweli: senti ile iko na bei kubwa, na nyumba ni moja. Kisha akaruka kutoka hapo na kusema: “Kwa hiyo hiki nacho kiko na bei kubwa.” Ni hapo ndipo daraja lilivunjika. Watoto wawili kuzaliwa katika maternite moja hakuwafanyi kuwa mapasa.

Kashe ya ofisi

Ili kufahamu, fikirini kashe ya ofisi, ile ya mpira ambayo sekretere anachovya katika wino na kupiga juu ya karatasi.

Kuna njia mbili za kupata karatasi yenye maandishi mapasa. Njia ya kwanza: fundi aliyechonga kashe alikosea, akachonga kila herufi mara mbili juu ya mpira wenyewe. Hapo hata sekretere akipiga kwa utulivu namna gani, kila karatasi itatoka na mapasa. Karatasi ya kwanza na karatasi ya mia tano zitafanana kabisa, maana kosa liko ndani ya kashe.

Njia ya pili: kashe ni nzuri, lakini mkono wa sekretere ulitikisika wakati wa kupiga. Hapo karatasi hii itakuwa na kivuli upande wa kuume, ile itakuwa nacho upande wa kushoto, na ya tatu haitakuwa na kitu. Kosa haliko katika kashe. Kosa ni la mtikisiko.

Feza ya chuma ni vivyo hivyo. Inapigwa kwa kashe ya chuma kigumu sana, ambayo tutaiita muhuri. Muhuri nao unatengenezwa kwa kukandamizwa na chuma kingine kigumu zaidi, ambacho tutakiita muhuri-mama. Zamani kukandamiza mara moja hakukutosha kutoa mchoro kamili. Chuma cha muhuri kilikuwa kinashindilika na kuwa kigumu. Kwa hiyo walikitoa, wakakipasha moto ili kilegee, halafu wakakirudisha chini ya muhuri-mama mara ya pili. Ikiwa mara hiyo ya pili hakikukaa sawasawa pale pale, herufi zilichongeka mara mbili ndani ya muhuri. Hao ndio mapasa wa kweli. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1955. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 nyumba ya feza ya Marekani ilianza kukandamiza mara moja tu, kwa hiyo makosa makubwa kama lile la 1955 hayatazamiwi tena, ingawa madogo bado yanaonekana.

Mapasa wa uongo ni mtikisiko wa mashini. Muhuri ni mzuri, lakini haukufungwa imara, vifaa vinachezacheza. Mashini inapiga, halafu wakati muhuri unapoinuka unateleza kidogo na kukwangua pembe ya herufi. Ninyi munaofanya matofali munalijua jambo hili. Ukijaza udongo katika foma, ukainua foma kwa haraka na kwa upande, pembe ya tofali inakwanguliwa na kulala. Tofali halikuongezeka. Limepunguka. Hilo neno mulishike vizuri, maana ndilo ufunguo: mapasa wa kweli wanaongeza, mtikisiko unapunguza.

Namna ya kupima

Sasa chukua kipande chako. Tafuta kioo cha kukuza, kile cha fundi wa saa au cha mnunuzi wa zahabu. Ukuzaji wa mara kumi unatosha. Keti karibu na dirisha, mwanga uingie kutoka upande mmoja, na ugeuze kipande polepole. Usitegemee picha ya simu, maana simu inaweza kutengeneza kivuli ambacho hakiko. Halafu ujiulize maswali haya matano.

La kwanza: kivuli cha herufi kiko na urefu gani? Katika mapasa wa kweli, herufi zote mbili zimeinuka na zina mgongo wa mviringo. Katika mtikisiko, kile kinachoonekana kama herufi ya pili kimelala chini kama ngazi au kama rafu, ni bapa, na mara nyingi kinang’aa kama chuma kilichokwanguliwa kwa kisu.

La pili: herufi imenenepa au imekonda? Mapasa wa kweli wananenepesha herufi, maana kuna herufi mbili mahali pa moja. Mtikisiko unakondesha herufi ya asili, maana sehemu yake imekatwa ili kutengeneza ile rafu. Weka kando yake kipande kingine cha mwaka uleule kisicho na kosa, ulinganishe. Bila cha kulinganisha, jicho linadanganyika upesi.

La tatu: ncha za herufi zikoje? Herufi nyingi za feza zina vijiguu kwenye ncha zake. Katika mapasa wa kweli ncha zinapasuka mara mbili, kama mkia wa mbayuwayu, na kati yake kuna kijibonde. Katika mtikisiko hakuna mpasuko wa namna ile, kuna mteremko tu na bapa.

La nne: kuna vingine vinavyofanana nacho kabisa? Muhuri mmoja unapiga maelfu ya vipande. Ikiwa kosa liko ndani ya muhuri, vipande vyote vya muhuri ule vitakuwa na kosa lilelile, mahali palepale, upande uleule. Wajuzi wa dunia wanaandika makosa hayo katika vitabu vyao, pamoja na picha. Ikiwa kipande chako hakifanani na kingine hata kimoja, uwe na shaka.

La tano: je, kosa si la uzee au la nyundo? Muhuri uliotumika sana unachoka. Herufi zinavimba, zinatoa ukungu pembeni, na uso wa kipande unaonekana kama ganda la chungwa. Huo nao si mapasa. Tena kuna vipande vilivyopigwa nyundo, vilivyokwaruzwa, au vilivyofinywa kati ya mawe baada ya kutoka kwenye mashini. Hayo ni majeraha, si makosa ya kuzaliwa.

Huko Amerika kwenyewe watu wanadanganywa kwa njia hiyo. Kuna senti zingine za mwaka huohuo wa 1955 ambazo namba 5 ya mwisho iko na kivuli, kwa sababu tu muhuri wake ulikuwa umechoka. Wakusanyaji wanaziita kwa mzaha mapasa ya maskini. Bei yake ni ndogo sana, lakini kuna wajanja wanaoziuzisha kwa jina la zile za kweli. Kwa hiyo kijana wa Butembo asione haya kana kwamba yeye peke yake ndiye mjinga. Hata watu wenye maduka na vitabu wamenaswa.

Tulichokiona

Basi turudi kwa kijana wetu. Nilimtuma kwa fundi wa saa kuazima kioo. Tukakaa dirishani. Nilikuwa na faranga mbili nyingine za 1943, ya kwangu, iliyochakaa lakini isiyo na kosa. Tukaziweka pamoja.

Nikamwambia: “Usinisikilize mimi. Angalia wewe, uniambie unachokiona.”

Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole: “Kivuli kiko chini. Kimelala.”

“Na ile 4?”

“Ya kwako iko nene. Ya kwangu iko nyembamba.”

“Na ncha za herufi?”

“Hazikupasuka.”

Nikamwuliza kama mwenye kuuzisha alikuwa na vipande vingine. Ndiyo, alikuwa navyo vitatu vyenye “mapasa”, na picha zake zilikuwa bado katika simu. Tukazitazama. Nimekwisha kusema kwamba picha ya simu haitoshi kuamua. Lakini hata hapo tuliona kwamba katika kimoja kivuli kilielekea juu, katika kingine kilielekea kushoto, na katika cha tatu kilikuwa kwenye maandishi tu, mwaka ukiwa safi. Kashe moja haitikisiki kwa namna tatu ikiwa kosa liko ndani ya mpira. Jambo hili peke yake halihukumu, maana mihuri inaweza kuwa mingi. Lakini pamoja na ile rafu bapa na ile namba iliyokonda, jibu lilikuwa wazi.

Kijana aliweka kioo mezani. Hakulia, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia: “Dola 70 zimepotea pengine. Dola 50 bado ziko mfukoni mwako. Kwenda shuleni kesho asubuhi, ulipe, na ulete risiti kwa mama.”

Akaitika. Lakini alipofika mlangoni akageuka, akasema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu:

“Papa, mimi nitakiuzisha kwa mwingine. Kuko rafiki yangu mumoja, anatoka Mangurujipa, iko na feza ya zahabu. Yeye hajue hii mambo ya kivuli. Nitarudisha 70 yangu.”

Ninyi vijana, mungemjibu nini? Maana mara ya kwanza alipokinunua hakujua. Alikuwa mtu aliyedanganywa. Sasa amejua. Akikiuzisha kwa maneno yaleyale, hatakuwa tena mtu aliyedanganywa. Atakuwa yule wa Beni. Na rafiki yake naye, siku akigundua, atamtafuta mwingine asiyejua. Hivyo kipande kimoja cha faranga mbili kitapita katika mikono kumi, na katika kila mkono kitaacha mtu aliyepoteza feza na aliyejifunza kusema uongo. Mimi naona hasara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Feza ya kwanza mtu anaweza kuitafuta tena kwa jembe au kwa kazi ya mikono. Jina likiharibika sokoni, halipatikani upesi.

Nilimwambia hayo kwa maneno machache. Akaenda. Hakuniahidi kitu.

Tembo wa Tabora

Kwa sababu gazeti letu linasomwa na watu wa machimbo, niongeze habari ya feza nyingine ambayo wajanja wanapenda kuitaja, ile ya zahabu ya Tabora.

Wakati wa vita ya kwanza, Wajeremani waliotawala Tanganyika walifungiwa njia ya bahari na Waingereza. Feza mpya haikufika tena. Kwa hiyo mwaka 1916 walipiga feza yao wenyewe huko Tabora, katika karakana ya reli. Walipiga heller 5 na heller 20 kwa shaba, na walipiga rupia 15 za zahabu zenye picha ya tembo na mlima. Zahabu ilitoka katika machimbo ya Sekenke. Rupia hizo za zahabu zilikuwa karibu 16,000 tu. Mnamo tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo, wa Force Publique, chini ya jenerali Tombeur, waliingia Tabora. Kwa hiyo babu wa mtu fulani hapa kwetu aliweza kweli kuutembea mji ule. Wajanja wanaijua habari hiyo, ndiyo maana wanasema: “Babu yangu alirudi nayo kutoka vita.”

Mihuri ya Tabora ilichongwa kwa mkono, haraka, kwa vyombo vya shida. Ndiyo sababu vipande vyake havifanani vyote. Katika heller 20 kuna zenye taji kubwa na zenye taji ndogo, tena ncha za herufi L zingine zimepinda na zingine zimechongoka. Katika rupia za zahabu, pambo la upande wa kuume linaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA katika zingine, na chini ya A katika zingine. Hizo ni tofauti za kweli, zinajulikana na zimeandikwa. Kivuli tu cha herufi katika heller ya Tabora hakikupi haki ya kuomba bei ya nyumba.

Na rupia ya zahabu, ninyi wa mizani munaweza kuipima upesi. Uzito wake ni gramu 7 na kidogo, na zahabu yake ni sehemu 750 kwa 1,000. Mtu akikuletea ya gramu 5, umrudishie kwa heshima, umwambie asalimie babu.

Maswali yenu

Wasomaji wengine wamekwisha kuniuliza mambo mawili matatu juu ya vipande vya zamani, nawajibu kwa kifupi.

Je, nikisafishe kipande changu ili maandishi yaonekane? Hapana. Usikisugue kwa majivu, kwa mchanga, kwa ndimu wala kwa dawa ya meno. Wakusanyaji wanapenda uso wa asili, hata ukiwa mweusi. Kusugua kunaondoa bei, tena kunaondoa alama zilezile ambazo zingekuonyesha ukweli. Udongo ukishika, kiloweke katika maji safi, kikauke chenyewe.

Nyumbani tuko na vipande vya makuta na vya Zaire, viko na faida? Vile vya mwaka 1967, senji 10 yenye chui na likuta moja, na vile vya shaba ya njano vya Zaire 1, 5 na 10 vya miaka ya 1987 na 1988, vilipigwa vingi sana. Bei yake ni ndogo. Lakini viwekeni. Watoto wetu wamekua katika nchi ambayo feza yake ni karatasi tu, hawajui kwamba kulikuwa na feza ya kulia mfukoni. Na huko machimboni vipande vya namna hiyo vilitumika kama mawe ya mizani, pamoja na njiti za kiberiti. Hiyo ni historia yetu, nayo iko na thamani isiyohesabiwa kwa dola.

Kijana atajifunza wapi kutambua bila kupoteza feza? Ninyi wa Kasindi na Beni muko na shule ya bure mikononi. Shilingi za Uganda zinapita kwenu kila siku: 100 yenye ng’ombe wa pembe ndefu, 200 yenye samaki, 500 yenye korongo. Chukua kioo, ziangalie ishirini au thelathini. Ukiona kivuli cha bapa kilicholala, umejua mtikisiko ni nini, na haikukugharimu kitu. Halafu uzitumie sokoni kama kawaida.

Kabla ya kutoa feza

Kwa kumaliza, muweke mambo haya manne moyoni. Usitoe feza siku ileile unayoonyeshwa kipande, maana mwenye kitu cha kweli hakuogopi ukilala usiku mmoja. Ukiambiwa usimwonyeshe mtu mwingine, hapo hapo umwonyeshe watu watatu. Omba uangalie kwa kioo, pamoja na kipande kingine cha mwaka uleule. Na feza yenye kazi yake, ya minervali, ya dawa, ya mbegu, haiendi kununua bahati, hata bahati ile iwe ya kweli.

Najua mutauliza kijana yule aliishia wapi. Siku ya kwanza ya juma lililofuata alirudi na risiti ya shule, akanionyesha. Mwenye kuuzisha wa Beni alikuwa amekwisha kuzima simu. Dola 70 hazikurudi, na alimweleza mama yake yote. Mama alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akampa shamba la maharagwe kulipalilia.

Kisha kijana akaweka kile kipande cha pembe sita mezani pangu, akasema: “Papa, kibaki hapa. Wengine wakija, uwaonyeshe.”

Basi kiko hapa, pamoja na kioo. Mwenye kuwa na shaka juu ya kipande chake apite, akae dirishani, ajionee mwenyewe. Tuonane mwezi ujao.